Farasi wa Mzungu na Ng'ombe wa Mjane

Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakutueleza hali ya yule asiyetegemea cha ndugu yeyote, bali hutegemea ng'ombe mmoja aliyefungwa nyuma ya jiko. Huyo ni dada yangu, mjane, aishiye upande wa Bungoma katika mojawapo ya mashamba waliyogawiwa wananchi baada ya walowezi kuondoka. Ng'ombe wake alikuwa chotara wa Friesian na Ayrshire, mbuguma wa uzao wa tatu, aliyempa lita 12 kwa siku majani yalipokuwa tele. Karo ya mjukuu, sukari, sabuni, mchango wa matanga ya majirani, yote hayo yalitoka katika kiwele kile. Mwezi wa Novemba mwaka jana ng'ombe huyo alihara kwa siku mbili akafa, na tangu hapo nafsi yangu haijatulia, maana nina hakika kwamba tungaliweza kumwokoa.

Nitayasimulia yaliyotokea jinsi yalivyotokea, kwani najua kuwa kuanzia Kiminini hadi Kimilili wamo wasomaji wengi ambao kisa hiki kimewafika, na wengine ambao kingali njiani kuwafikia.

Msimu wa mavuno huku kwetu ni wa neema na wa hatari kwa pamoja. Mahindi huwa yametandazwa kila mahali: uani, sebuleni, juu ya maturubai kando ya barabara. Usiku mmoja ng'ombe wa dada alikata kamba, akausukuma mlango wa ghala uliofungwa kwa kipande cha waya, akala mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa. Hakuna ajuaye alikula kiasi gani. Ng'ombe aliyezoea nepia na mabua akikutana na nafaka kavu hana breki. Asubuhi dada alimkuta amesimama kichwa chini, ubavu wa kushoto umejaa, hacheui, akisaga meno na kuguna kama mgonjwa wa binadamu. Kufikia adhuhuri alianza kuhara: kinyesi cha majimaji, rangi yake kati ya kijivu na manjano, chenye harufu ya uchachu kama ya pombe iliyoharibika, na ndani yake punje nzima za mahindi.

Dada alinipigia simu nikiwa nyumbani kwangu Kitale. Nami nikamtafuta afisa wa mifugo wa eneo lake, kijana mwungwana ambaye simlaumu hata kidogo. "Mwalimu," alinijibu, "niko katika chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, niko peke yangu, na pikipiki haina mafuta." Nikamtafuta daktari wa kibinafsi mjini. Huyu alikuwa tayari kuja, lakini alitaka kwanza fedha za safari, na kiasi alichokitaja kilikuwa zaidi ya mauzo ya maziwa ya dada ya wiki mbili. Nilipokuwa bado nahesabu na kuhesabu tena, dada alikwisha kumwita mwenye duka la dawa za mifugo lililoko karibu na kituo cha matatu.

Mwenye duka alifika upesi, hilo sharti nimshukuru. Alikuja na sindano na chupa ya oksitetrasaiklini, dawa ambayo siku hizi kila mfugaji huijua kama ajuavyo chumvi. Hakumpima joto, hakumgusa ubavu, hakuuliza alikula nini. Alimdunga shingoni, akamlazimisha kumeza vidonge viwili vikubwa, akapokea shilingi 1,800 na kusema, "Mama, hii inamaliza. Kesho atakula." Kesho yake ng'ombe alilala chini na hakuweza kuinuka. Macho yalizama, masikio yakawa baridi. Jioni akakata roho.

Hapo ndipo nilipofika mimi, na pamoja nami mzee mmoja jirani, mstaafu, aliyesomea afya ya mifugo katika chuo cha AHITI cha Kabete miaka ya 1970, ambaye siku zote hizo mbili alikuwa Webuye matangani. Umati ulikuwa umekwisha kukusanyika na visu. Tusidanganyane: nyama ya kibudu huliwa sana vijijini mwetu, na mjane aliyepoteza ng'ombe hutarajia angalau kuziokoa shilingi chache za nyama. Mzee alikataa asiguswe mpaka atazame pua na sehemu ya haja kama hapana damu nyeusi isiyoganda, dalili ya kimeta, ugonjwa ambao mzoga wake haupasuliwi kabisa. Hakuona damu. Ndipo akaupasua ubavu wa kushoto, nasi tukajionea wenyewe. Tumbo la kwanza lilikuwa limejaa uji mchachu na mahindi yaliyofura, na ngozi yake ya ndani ilikuwa inabanduka kama imemwagiwa maji ya moto.

"Hii sindano ilikuwa ya nini?" mzee aliuliza, wala hakuna aliyemjibu.

Kisha alitueleza, naye alieleza vizuri kuliko vitabu. Tumbo kubwa la ng'ombe, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 na zaidi, ni pipa la kuchachushia. Ndani yake wamo vijidudu wasiohesabika ambao kazi yao ni kuyavunja majani, na ng'ombe huishi kwa jasho lao. Ukiwaletea vijidudu hao nafaka nyingi kwa mara moja, wanga huchachuka kwa kasi, wale wapendao wanga huzaana na kumwaga asidi, na wale wa majani hufa. Asidi huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta tumboni. Damu hubaki nzito na kavu, ilhali tumbo lafurika. Kwa hiyo kuhara kule tulikokuona adhuhuri kulikuwa dalili ya kuchelewa. Ugonjwa ulianza usiku wa manane, pale waya wa mlango ulipokatika.

Dawa ya hali ile, mzee alisema, ni kumwondolea nafaka mara moja, kumpa majani makavu, na kumwita daktari ambaye ataipoza asidi kwa soda ya kupikia au dawa ya namna hiyo kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na kumrudishia maji mwilini kwa njia ya mshipa. Ikiwa amekula kupita kiasi, daktari hufungua ubavu na kuyatoa mahindi kwa mikono. Sindano ya kuua viini haiwezi kuipoza asidi, kama vile haiwezi kufukuza njaa. Na maadamu dawa ile ilikuwa bado mwilini, nyama ile haikufaa kuliwa hata na mbwa. Tulizika, majirani wakinung'unika. Wapo ambao hadi leo hawanisalimu sawasawa.

Nilipokuwa nikirudi Kitale usiku ule, fikira zangu zilirudi nyuma zaidi ya miaka sitini. Marehemu baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la mlowezi mmoja upande wa Endebess. Wasomaji vijana huenda wasijue kuwa Trans Nzoia ya enzi hizo ilikuwa nchi ya farasi: walowezi waliwapanda wakikagua mahindi, wakawashindanisha, wakacheza polo. Ilikuwa kazi ngumu kumfuga farasi Afrika, kwani upo ugonjwa wa farasi uenezwao na vijidudu wadogo warukao wakati wa magharibi, ambao uliwaangamiza wengi; ndiyo sababu baba aliwafungia bandani kabla jua halijatua.

Usiku mmoja mwaka 1960, nikiwa mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, farasi mmoja jike alianza kujitazama ubavu, kupiga tumbo lake kwa mguu wa nyuma, kulala na kugaagaa. Ulikuwa msokoto wa tumbo. Farasi ni tofauti kabisa na ng'ombe. Hana matumbo manne. Ana moja, tena dogo, na nyuma yake utumbo mpana uliojikunja na kujikunjua mahali pembamba, ambako lishe hukwama kwa wepesi. Tena Mungu hakumpa uwezo wa kutapika. Kilichoingia lazima kipite, na kisipopita atakufa kwa maumivu. Baba alimtembeza uani usiku kucha asije akajibwaga na kuusokota utumbo, taa ya kandili mkono mmoja, hatamu mkono wa pili. Nami nikimfuata nyuma kwa blanketi.

Saa nane za usiku tuliona mwanga wa gari. Daktari wa mifugo alikuwa ametoka Kitale kwa Land Rover kuja kumtazama mnyama mmoja. Alisikiliza tumbo kwa kidude masikioni, kushoto na kulia, akapitisha mrija puani mpaka tumboni, akamimina mafuta, akakaa. Ndiyo, alikaa! Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa chai, akisubiri. Alfajiri farasi akatoa kinyesi, na yule Mzungu mwenye shamba akamshika baba bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo.

Miezi michache baadaye mtamba wa baba, mmoja kati ya wachache tulioruhusiwa kuwa nao kama maskwota, alianza kuhara damu. Baba hakuthubutu kuuliza kama daktari angekuja. Alimpa maji ya magome aliyoyajua, akamfunika, mtamba akafa. Sikumbuki kumsikia akilalamika. Alisema tu kwamba ngozi ilikuwa nzuri.

Nimeyataja haya kwa sababu wakati ule tuliamini kwamba tofauti kati ya farasi yule na mtamba wetu ilikuwa rangi ya mwenyewe. Uhuru ukaja. Mashamba ya Ndalu, Naitiri na Tongaren yakakatwa vipande, wananchi wakaingia na ng'ombe wao wa kwanza wa gredi. Na kwa muda, lazima tukiri, serikali iliwatunza. Nilipokuwa mwalimu kijana, afisa wa mifugo alipita kwa pikipiki, josho lilikuwa na dawa, sindano ya kupandisha ng'ombe ililetwa na gari lililopita barabarani kwa saa iliyojulikana, na mfugaji akalipa shilingi chache tu. Maziwa yakaenda KCC.

Halafu tukaambiwa kwamba serikali haina fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, mahafali wa udaktari wa mifugo wakakoma kuajiriwa moja kwa moja; katika miaka ya 1990 majosho yakaachiwa wananchi, mengi yakakauka; huduma ya kupandisha na ya matibabu ikaachiwa soko. KCC nayo ikaporomoka, ikauzwa mwaka 2000, ikarudi mikononi mwa serikali mwaka 2003. Nadharia ilikuwa kwamba daktari wa kibinafsi atalijaza pengo. Akalijaza kweli, lakini pale tu palipo na mashamba makubwa na barabara za lami. Kwa mwenye ng'ombe mmoja, pengo lilijazwa na mwenye duka.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti. Nilishangilia ugatuzi kama wengine, nikidhani kwamba kile kilichokuwa Nairobi sasa kimesogea hadi Bungoma na Kitale. Kimesogea, lakini kituo chake ni makao makuu ya kaunti. Huko vijijini tunaona mabango ya uzinduzi, tunaona ng'ombe wa maonyesho wakigawiwa vikundi mbele ya kamera, ila yule kijana wa chanjo bado yu peke yake na pikipiki isiyo na mafuta. Ng'ombe wa kugawiwa hufa haraka pasipo na mtu wa kumtibu. Naomba waheshimiwa wanaopanga bajeti walitafakari hilo kabla ya kununua mitamba mingine: fedha za mitamba kumi zingemnunulia afisa mmoja mafuta ya miaka.

Kuhusu wenye maduka, sheria haikukosa kusema. Sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao iliunda utaratibu wa kuwasajili wote wanaotibu wanyama, na asiyesajiliwa haruhusiwi kutibu. Wapo wenye maduka waliosomea kazi hii na kusajiliwa, nami nawaheshimu. Lakini wengi ni vijana waliowekwa kuuza, wanaojua bei ya kila chupa na hawajui ng'ombe ana matumbo mangapi. Hudunga oksitetrasaiklini kwa homa, kwa kikohozi, kwa kuhara, kwa kuvimbiwa, hata kwa kukosa hamu ya kula. Viini huizoea dawa. Maziwa ambayo yangepaswa kumwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa hupelekwa hotelini asubuhi ile ile, nasi tunayatia katika chai yetu. Siku mtoto atakapougua na dawa hiyo isimfae, hakuna atakayekumbuka ng'ombe.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa huku si wageni wa tumbo la ng'ombe. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili Wabukusu tunatahiri, na kijana hupakwa mwilini majani yaliyosagika kutoka tumboni mwa mnyama aliyechinjwa kwa heshima yake. Wazee waliutazama utumbo wakasoma humo bahati na mikosi. Babu zetu waliishi katika kumbukumbu ya sotoka, tauni ya ng'ombe iliyopita Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikiwaharisha damu na kufagia mazizi mazima. Sotoka hiyo imetokomezwa duniani. Ilitangazwa hivyo mwaka 2011, ugonjwa wa pili baada ya ndui, na chanjo iliyofanya kazi kubwa katika ushindi huo ilitengenezwa hapa hapa Kenya, kule Muguga, na Walter Plowright na wenzake. Tuliweza hilo. Kisha tunashindwa na mahindi ya ghalani.

Wala si mahindi peke yake. Mzee mstaafu amekuwa akinitembelea tangu msiba ule, na kila ajapo huniongezea somo. Ng'ombe akila majani mabichi ya viazi vitamu au nyasi changa zenye umande, tumbo hujaa povu asiloweza kulibeua, na ubavu wa kushoto huvimba kama ngoma. Hapo mafuta ya kupikia yakimiminwa kinywani pole pole, kichwa kisiinuliwe sana yasije yakaingia mapafuni, huweza kulivunja povu. Nikamwambia kisa cha jirani yangu wa Kitale aliyeagizwa kwa simu ampe ng'ombe "parafini", naye akampa mafuta ya taa nusu chupa. Daktari alikusudia mafuta meupe ya dukani, yanayoitwa vivyo hivyo. Ng'ombe alipona kwa rehema za Mungu, lakini maziwa yalinuka jiko la stovu kwa siku kadhaa. Mzee hakucheka. Alisema amewahi kuona waliokufa kwa hilo.

Aliniambia pia juu ya ng'ombe wanaozurura mjini, waliokonda wakiwa wamejaa tumbo. Ukiwapasua unakuta mpira mkubwa wa mifuko ya plastiki umefungana kama kamba. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na jalala za Kitale zilipata nafuu, ila nailoni za kufungia na nyuzi za magunia zingalipo. Punda wetu wavutao mikokoteni ya maji na mahindi nao hula takataka hizo, na kwa kuwa tumbo la punda ni kama la farasi, hupata ule ule msokoto niliouona mwaka 1960. Tofauti ni kwamba punda hatembezwi usiku kucha. Hupigwa fimbo asimame.

Sasa nirudi kwa dada, maana kisa chake hakikuishia shimoni. Ng'ombe aliacha ndama jike wa wiki tatu. Ndama alinunuliwa maziwa ya jirani, leo ya huyu kesho ya yule, mara baridi mara moto, katika ndoo ambayo usafi wake siwezi kuuapia. Siku ya nne akaanza kuhara: kinyesi cheupe, chembamba, mkia umeganda. Dada alifanya kama tulivyofunzwa sote tangu utotoni. Alimnyima maji na maziwa ili tumbo likauke.

Mzee alipofika alimfinya ndama ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kama kitambaa. Akamtia kidole kinywani, kikatoka baridi. "Huyu haui na kuhara," alisema. "Anauawa na kiu." Akaagiza maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Dada alishika kiuno. "Mzee wangu, anayetoa maji, wewe unamwongeza maji?"

Swali hilo liliwahi kuulizwa na madaktari wakubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika katika mji wa Bangaon upande wa India, na kipindupindu kikawavamia. Maji ya kutia mshipani yalipowaishia, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi kutoka katika mapipa, ndugu zao wakiwa ndio wauguzi. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4. Siri ni kwamba utumbo, hata ukiwa mgonjwa, bado huweza kuivuta sukari, na sukari ikiingia huivuta chumvi, nayo chumvi huyavuta maji. Utumbo wa ndama na wa mtoto mchanga hauna tofauti katika hilo. Mama yeyote aliyewahi kupewa pakiti ya unga wa chumvi zahanati kwa ajili ya mtoto wake anaijua dawa ya ndama wake, lau angeambiwa.

Tulimnywesha lita mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku, na katikati ya vipindi hivyo akapewa maziwa yake kidogo kidogo, maana mzee alisema ndama asiyelishwa hana nguvu ya kupona. Tulimtenga mahali pakavu penye nyasi kavu. Watoto walikatazwa kumchezea, na kila aliyemgusa alinawa kwa sabuni, kwani baadhi ya viini viharishavyo ndama huwaharisha watoto vilevile. Siku ya tatu alinyonya kidole cha dada kwa nguvu mpaka dada akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Katika siku hizo mzee alimuuliza dada kama ndama alipata dang'a alipozaliwa. Alipata, dada alijibu, lakini jioni. Ng'ombe alizaa asubuhi, wakasubiri kondo la nyuma lidondoke kwanza, kama desturi ilivyo. Mzee akatikisa kichwa. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote, alisema; kinga yake yote imo katika dang'a, na utumbo wake huufunga mlango wa kuipokea kadiri saa zinavyopita, hata baada ya siku moja ukawa umefungwa kabisa. Saa sita za kwanza ndizo zenye thamani. Kondo lingoje lenyewe. Nami niliyefundisha shule kwa miaka thelathini na mitano, tena nikafuga muda wote huo, nilikuwa sijui.

Ningependa kusema hapa kwamba dawa ya yote haya ni elimu, na kuishia hapo, kama tufanyavyo walimu. Lakini sukari na chumvi zisingemwokoa mama yake ndama. Yule alihitaji mtu mwenye ujuzi, mwenye vifaa, na mwenye mafuta katika pikipiki, afike kabla ya saa sita za mchana. Wafugaji wa maeneo mengine ya nchi wanaouza maziwa kwa vyama vyenye nguvu hukatwa kidogo kwenye malipo yao, na daktari akalipwa na chama. Hakuna anayehesabu nauli ng'ombe akiwa chini. Sioni ni kwa nini vyama vyetu vya huku visifanye hivyo, na kaunti ichangie nusu ya pili, maana ni mali ya umma pia kuzuia kimeta na dawa katika maziwa. Nimelipeleka pendekezo hilo kwa wanachama wenzangu. Mkutano uliahirishwa kwa kukosa akidi.

Ndama amekuwa mtamba sasa, mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mlango wa ghala la dada una komeo la chuma na kufuli. Juu yake amenitaka nimwandikie kwa rangi nambari za simu za daktari, kubwa, azione hata usiku kwa kurunzi. Nimeandika mbili. Moja ni ya mzee mstaafu, ambaye ana miaka sabini na mitatu na goti bovu. Ya pili nimeipiga mara nne wiki hii, na bado haijapokelewa.